Karo Iliyohamia Kwenye Bei ya Nyumba: Makazi na Shule za Msingi Nchini Uingereza tangu 1870

Shule za msingi za serikali nchini Uingereza hazitozi karo, na mzazi hadaiwi chochote kwa ajili ya mwalimu, dawati wala kitabu cha mwanawe. Hata hivyo familia nyingi za kipato cha kati zinapotafuta nyumba ya kununua huuliza habari za shule mapema kuliko habari za paa na mabomba, na madalali, ambao hujua vyema kinachomvuta mnunuzi, hawasahau kutaja katika matangazo yao shule iliyo jirani na sifa yake. Jina Uingereza hapa lina maana ya England peke yake, kwa kuwa Scotland na Ireland ya Kaskazini zimekuwa na sheria zao za elimu kwa muda mrefu, na Wales nayo imeshika njia yake tangu ilipopata bunge lake. Makala haya yanafuatilia jinsi desturi hiyo ilivyozaliwa. Hoja yake ni kwamba karo iliyoondolewa mlangoni mwa shule mwishoni mwa karne ya 19 ilirejea polepole katika umbo la bei ya nyumba, na kwamba hapakuwa na bunge lolote lililokusudia hivyo, kwa sababu jambo lenyewe lilijengeka kutokana na sheria zilizotungwa nyakati mbalimbali kwa makusudi mengine, baadhi yake yakiwa mema kabisa.

Kabla ya 1870 elimu ya watoto wa wafanyakazi ilikuwa mikononi mwa vyama vya kidini, kikiwemo kile cha Kanisa la Anglikana kilichoundwa mwaka 1811 na kile kilichoungwa mkono na Wakristo waliokuwa nje ya Kanisa hilo. Sheria ya Elimu ya 1870, iliyosimamiwa bungeni na William Forster, iliigawa nchi katika wilaya za shule, na palipoonekana kwamba nafasi hazitoshi ikaruhusu kuchaguliwa kwa bodi ya shule, yaani baraza lenye mamlaka ya kutumia kodi ya majengo kujengea na kuendeshea shule. Shule za bodi ziliruhusiwa kutoza karo ya kila wiki isiyozidi peni tisa, na bodi ya London, iliyokuwa kubwa kuliko zote, haikutoza kiwango kimoja jiji zima. Katika mitaa ya mafukara karo ilikuwa peni moja, ilhali katika mitaa ya mafundi wenye ajira ya kudumu ilipanda juu zaidi, na wazazi waliojiona wa daraja la juu kidogo walikuwa radhi kulipa peni za ziada ili watoto wao wasiketi na watoto wa vibarua. Mtaa ulikwisha kuwa na bei yake shuleni hata kabla ya shule kuwa na bei yake mtaani.

Uhusiano huo wa shule na mtaa una ushahidi mmoja usiosahaulika. Charles Booth, mfanyabiashara wa meli aliyeanza mwaka 1886 kuchunguza umaskini wa London, alihitaji kujua hali ya kila kaya katika jiji lenye mamilioni ya watu, na hakuna aliyeijua zaidi kuliko maofisa wa mahudhurio wa bodi ya shule, ambao kazi yao ilikuwa kupita nyumba hadi nyumba wakiandika majina ya watoto, kazi za baba zao na sababu za utoro. Booth na wasaidizi wake waliwahoji maofisa hao kwa saa nyingi, na daftari zao zikawa msingi wa ramani maarufu zilizoanza kuchapishwa mwaka 1889, ambamo kila mtaa ulipakwa rangi, kuanzia nyeusi kwa wale walioitwa tabaka la chini kabisa hadi ya njano kwa matajiri. Msomaji wa leo anaweza kudhani kwamba ramani ya namna hiyo ingekuwa hazina kwa mzazi anayetafuta nyumba, lakini kwa wakati wake haikuwa na kazi hiyo. Wakazi wengi wa London walikuwa wapangaji wa wiki kwa wiki, waliohama mara kwa mara kwa kufuata kibarua au kukimbia deni la pango, na watoto wao walihama shule kama walivyohama vyumba. Walio na uwezo wa kununua nyumba, kwa upande wao, hawakupeleka watoto katika shule za bodi. Waliajiri walimu wa nyumbani au walilipia shule binafsi, na kwa hiyo hapakuwa na ushindani wowote kati ya tajiri na maskini juu ya dawati moja.

Sheria ya 1891 ilitoa ruzuku ya shilingi kumi kwa mwaka kwa kila mtoto ili shule ziache kutoza karo, na masalio ya karo hiyo yakafutwa na sheria ya 1918. Katikati ya sheria hizo mbili ilikuja ile ya 1902, iliyovunja bodi za shule na kukabidhi elimu kwa halmashauri za miji na mikoa, taasisi zilizobaki na madaraka hayo kwa karibu karne nzima. Mwaka 1918, wakati karo inafutwa kabisa, kaya 23 tu kati ya kila 100 za Uingereza na Wales zilimiliki nyumba zilizokaa. Mwaka 1971 zilifikia 50, na mwaka 2001 zikafika 69. Takwimu hizo zinaeleza nusu ya historia nzima, kwani mtu hawezi kununua shule kupitia nyumba ikiwa hanunui nyumba.

Mabadiliko ya umiliki yalianza kati ya vita viwili vya dunia, zilipojengwa takriban nyumba milioni nne, nyingi kandokando ya miji na kandokando ya reli. Vyama vya kuweka akiba na kukopeshana, vilivyopokea fedha za wanachama na kuwakopesha wengine kwa rehani ya nyumba inayonunuliwa, vilimwezesha karani au mwalimu kumiliki nyumba kwa malipo ya kila mwezi yasiyotofautiana sana na pango. Kampuni ya reli ya Metropolitan iliuza mashamba yaliyokuwa kando ya njia yake kaskazini-magharibi mwa London ikisifu hewa safi, bustani na usafiri wa haraka wa kwenda mjini. Wakati huohuo kamati iliyoongozwa na Henry Hadow ilipendekeza mwaka 1926 kwamba elimu ya watoto wote ikatwe penye umri wa miaka 11, na ripoti yake nyingine ya 1931 ikaeleza jinsi shule ya msingi, iliyokusudiwa kuwa hatua kamili yenye mbinu zake, inavyopaswa kuendeshwa. Shule ya msingi kama inavyojulikana leo, ambamo mtoto wa karani na mtoto wa dereva huanza pamoja, ni zao la mapendekezo hayo, yaliyokuja kuwa sheria mwaka 1944.

Sheria ya Elimu ya 1944, ambayo huhusishwa na jina la waziri wake R. A. Butler, iligawa elimu katika hatua za msingi, sekondari na elimu ya juu ya hapo, na katika kifungu chake cha 76 iliagiza kwamba watoto wasomeshwe kwa kadiri ya matakwa ya wazazi wao, mradi matakwa hayo yasiharibu ufundishaji wala kuleta matumizi yasiyo ya lazima. Kifungu hicho kilitokana zaidi na hofu za kidini, yaani Mkatoliki asilazimishwe kumpeleka mtoto kwa Waanglikana, na kwa miaka mingi maofisa wa elimu walikitafsiri kwa wembamba. Waliokuwa na usemi halisi ni wale waliochora mistari katika ofisi za halmashauri. Kila shule ilipewa eneo lake la udahili, maana yake sehemu ya mji ambayo watoto wake walikuwa na haki ya kwanza ya kupokewa katika shule hiyo, na wimbi la watoto waliozaliwa baada ya vita lilipofika shuleni, kuchora mistari hiyo kukawa kazi ya kila mwaka.

Katika miaka hiyohiyo wapangaji wa miji walikuwa wakifanya shule ya msingi kuwa kipimo cha makazi. Mmarekani Clarence Perry alikuwa amependekeza mwaka 1929 wazo la kitongoji kamili, yaani eneo lenye wakazi wa kutosha kujaza shule moja ya msingi, ambalo shule yake iko katikati na barabara kubwa zinapita pembeni ili mtoto afike darasani bila kuvuka magari. Mpango wa London wa 1943 wa Patrick Abercrombie na J. H. Forshaw ulilichukua wazo hilo, na miji mipya iliyojengwa chini ya sheria ya 1946, wa kwanza ukiwa Stevenage, ilipangwa kwa vitongoji vya namna hiyo. Nia ilikuwa ya ukarimu: nyumba za kupanga za halmashauri na nyumba za kuuzwa zingekuwa karibu, watoto wa watu wote wangekutana shuleni, na shule ingekuwa ukumbi wa mtaa jioni. Wapangaji hao hawakufikiria kwamba ujirani wenyewe ungeweza kuuzwa. Walipoiweka shule katikati ya nyumba waliona kuwa wameifanya nyumba imtumikie mtoto, na kwa muda wa kizazi kimoja, maadamu nyumba nyingi zilikuwa za kupangisha na waliogawa vyumba walikuwa makarani wa halmashauri, walikuwa sahihi.

Wazo hilo lilivuka bahari. Mpango wa Nairobi wa 1948, ulioandaliwa na L. W. Thornton White na wenzake kwa jina la mpango wa mji mkuu wa koloni, ulitumia vitongoji vya aina ileile kama kipande cha msingi cha kujengea mji, ila katika Nairobi mtu hakuchagua kitongoji kwa ajili ya shule, kwa sababu rangi ilikuwa imeshaamua vyote viwili. Mzungu aliishi upande wa magharibi wenye bustani na mtoto wake alisoma shule ya Wazungu, Mhindi aliishi Parklands au Ngara na shule yake, Mwafrika aliishi Eastlands na yake. Baada ya uhuru wa 1963 ubaguzi wa rangi uliondolewa shuleni, lakini zile zilizokuwa za Wazungu ziliendelea kutoza karo ya juu, kwa hiyo mlango ulilindwa na ada badala ya anwani, na mzazi wa Kenya aliyetaka shule bora alizoea kulipa moja kwa moja, au kumpeleka mtoto shule ya bweni, au siku hizi kumpandisha basi la shule alfajiri. Tofauti hii inafaa kukumbukwa, maana msomaji wa Afrika Mashariki huona ajabu mtu kulipa maelfu ya pauni kwa ajili ya mita mia tatu za ujirani, ilhali Mwingereza wa kawaida huona ajabu mtu kulipia shule ya msingi.

Uingereza yenyewe iliingia miaka ya 1960 ikiwa na fununu tu za jambo hili. Mtihani wa miaka 11, uliowachuja watoto wachache kwa shule za sekondari za kitaaluma na kuwaacha wengine wote kwa shule za kawaida, uliipa kila shule ya msingi jina zuri au baya kwa kadiri ya idadi ya watoto iliyowavusha, na majina hayo yalienea kwa midomo ya akina mama langoni mwa shule. Waraka wa serikali namba 10 wa 1965 uliwaomba wakuu wa elimu waondoe mchujo huo na kuanzisha sekondari za pamoja. Ripoti ya kamati ya Bridget Plowden ya 1967 juu ya watoto na shule zao za msingi ilikwenda mbali zaidi, ikakiri kwamba mtaa wa kimaskini huidhoofisha shule yake, na ikapendekeza maeneo ya kipaumbele ambayo yangepata fedha na walimu zaidi kuliko mengine. Serikali ilikuwa imekubali rasmi kwamba ubora wa shule na hali ya mtaa haviachani. Haikuchukua muda kabla ya wanunuzi wa nyumba kufikia hitimisho hilohilo kwa njia yao.

Mwaka 1980 ndio mwaka ambao mwanahistoria wa jambo hili angeuwekea alama. Serikali ya Margaret Thatcher ilipitisha mwaka huo Sheria ya Makazi, iliyowapa wapangaji wa halmashauri haki ya kuzinunua nyumba zao kwa punguzo kubwa, na Sheria ya Elimu, iliyowapa wazazi haki ya kutaja shule wanayoipendelea na kukata rufaa wakinyimwa. Sheria hizi mbili zilizungumza na wapiga kura walewale kwa lugha moja ya uchaguzi wa mtu binafsi, lakini hakuna dalili kwamba waliozitunga waliona jinsi zitakavyokutana. Ya kwanza iliongeza idadi ya watu ambao nyumba kwao ni mali inayopanda na kushuka thamani. Ya pili iligeuza shule kuwa kitu cha kuombwa, na kitu kinachoombwa na wengi kuliko nafasi zilizopo lazima kigawanywe kwa kanuni fulani, nayo kanuni rahisi kuliko zote, isiyohitaji kumhoji mtoto wala kupima akili yake, ni umbali wa nyumba.

Sheria ya Mageuzi ya Elimu ya 1988 ilikaza fundo. Iliweka mtaala wa taifa na mitihani ya umri wa miaka 7, 11 na 14, ikaziamuru shule zipokee watoto mpaka majengo yajae, na ikafanya fedha zimfuate mtoto, hivyo kwamba shule iliyokimbiwa ilipungukiwa bajeti na iliyopendwa ikanenepa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa iliamua, katika shauri lililoikabili halmashauri ya Greenwich, kusini-mashariki mwa London, kwamba halmashauri haiwezi kumkatalia mtoto kwa sababu tu anaishi ng'ambo ya mpaka wake. Shauri lilihusu shule za sekondari, lakini uamuzi ulizigusa shule zote, na ingawa ulionekana kuvunja kuta, kwa vitendo uliondoa mpaka wa kiutawala na kuacha umbali mtupu utawale. Sheria ya 1992 iliunda idara ya ukaguzi inayojulikana kwa kifupi kama Ofsted, ambayo taarifa zake zilitolewa hadharani, na kufikia mwaka 1997 matokeo ya ile mitihani mipya ya umri wa miaka 11 yalikuwa yakichapishwa shule kwa shule, magazeti yakiyapanga kama msimamo wa ligi. Kabla ya hapo sifa ya shule ilikuwa siri ya wenyeji. Sasa mgeni kutoka mji mwingine, ambaye hajawahi kukanyaga mtaa huo, aliweza kuijua kwa kufungua gazeti.

Halafu ikaja sheria iliyopendwa na kila mtu. Serikali ya Tony Blair iliingia madarakani mwaka 1997 ikiwa imeahidi kupunguza msongamano katika madarasa ya watoto wadogo, na sheria ya 1998 ikaweka kikomo cha wanafunzi 30 kwa mwalimu mmoja katika madarasa ya watoto wa miaka mitano hadi saba, kikomo kilichoanza kutekelezwa kikamilifu mwaka 2001. Hakuna anayeweza kuilaumu nia yake. Lakini kikomo hicho kilifanya nafasi ya shule ya msingi iwe ngumu kama jiwe kwa namna ambayo nafasi ya sekondari haikuwa, kwa sababu mwalimu mkuu hakuweza tena kumbana mtoto wa 31 kwenye kona ya darasa, na baraza la rufaa lilizuiwa kumsaidia mzazi isipokuwa kanuni zenyewe ziwe zimevunjwa au uamuzi uwe wa kupindukia mipaka ya busara. Shule hupokea basi watoto 30, au 60, au 90, na hesabu ikifika hapo mlango umefungwa.

Namna mlango huo unavyofungwa inastahili kuelezwa kwa utulivu. Wanaotangulia ni watoto walio chini ya ulezi wa serikali na wale ambao mahitaji yao maalumu yametambuliwa kisheria. Kisha, katika shule nyingi, huja wadogo wa wanafunzi waliomo, na baada yao nafasi zilizobaki hugawanywa kwa umbali, ambao halmashauri nyingi huupima kwa kompyuta kama mstari ulionyooka kutoka nyumba hadi shule, bila kujali mto, reli au ukuta uliopo katikati. Kwa hiyo katika miji mikubwa hakuna tena mstari uliochorwa kwenye ramani. Mstari hujichora wenyewe kila mwaka, ukipita juu ya paa la mtoto wa mwisho aliyepokewa, na mwaka wenye wadogo wengi humkatisha tamaa mzazi ambaye nyumba yake ingefaa mwaka uliotangulia. Katika shule za London zinazogombewa sana, mtoto huyo wa mwisho huenda akawa anaishi mita mia mbili au tatu tu kutoka langoni. Maombi ya shule za msingi hufungwa tarehe 15 Januari na majibu hutolewa tarehe 16 Aprili au siku ya kazi inayofuata, kwa ajili ya mtoto atakayeanza Septemba akiwa na miaka minne, na kalenda hiyo imekuwa kalenda ya soko la nyumba pia, maana familia inayotaka anwani fulani lazima iwe imekwisha kukamilisha ununuzi kabla ya kujaza fomu.

Umri huo wa miaka minne ndio unaoifanya shule ya msingi ifungamane na nyumba kuliko sekondari. Kijana wa miaka 12 hupanda basi au treni peke yake, lakini mtoto mdogo lazima apelekwe na kurudishwa kwa mkono kwa miaka kadhaa, na kwa mzazi anayefanya kazi, shule iliyo mbali ni mshahara uliopotea. Wapo wanaoikwepa njia ya umbali kwa njia ya madhabahu, kwani shule za madhehebu zilizopewa hadhi ya pekee na sheria ya 1944 huruhusiwa, zinapojaa, kutanguliza watoto wa waumini, na kasisi anayesaini fomu za mahudhurio ya ibada ni mtu mwenye heshima ya pekee katika mitaa fulani. Lakini hata katika shule hizo waumini wanapozidi nafasi hurudiwa tena kipimo cha mita.

Wachumi walichelewa kulifanyia hesabu jambo ambalo madalali walilijua kwa uzoefu. Ugumu ulikuwa wa kimantiki, kwani shule nzuri mara nyingi ziko katika mitaa mizuri, na mtu hawezi kujua kama mnunuzi amelipia shule, miti au ukimya. Sandra Black, katika utafiti wa 1999 juu ya vitongoji vya Boston nchini Marekani, alilinganisha nyumba zilizotazamana katika pande mbili za mpaka wa udahili, ambazo zilishiriki mtaa mmoja na kutofautiana kwa shule tu, akagundua kwamba ongezeko la asilimia tano katika alama za mitihani liliambatana na ongezeko la takriban asilimia 2.5 katika bei. Kwa Uingereza, Stephen Gibbons na Stephen Machin walichapisha mwaka 2003 makadirio kwamba kila nukta moja ya asilimia ya watoto waliofikia kiwango cha serikali katika shule za msingi za eneo ilipandisha bei za nyumba kwa asilimia 0.67. Mwaka huohuo Dennis Leech na Erick Campos, waliouliza kama sekondari za pamoja ni za bure kweli, waliona katika mji wa Coventry kwamba maeneo ya shule mbili zilizopendwa yalikuwa na bei iliyozidi kwa asilimia 20 na 16. Utafiti uliofuata wa Gibbons, Machin na Olmo Silva, wa 2013, ulipata athari ndogo zaidi lakini fundisho kubwa zaidi: wazazi hawakulipia tu kile ambacho shule humwongezea mtoto, bali walilipia kwa kiasi kinachokaribiana uwezo ambao watoto wengine walikuja nao kutoka nyumbani, maana yake walinunua wanafunzi wenza wa watoto wao kama walivyonunua walimu. Wazazi wa enzi ya Forster waliolipa peni za ziada ili mtoto asiketi na watoto wa vibarua wangelielewa hilo bila takwimu.

Mahali penye bei pana ujanja. Familia zilizoweza zilipanga chumba karibu na shule kwa miezi michache huku nyumba yao halisi ikiwa mbali, nyingine zilitumia anwani ya bibi, na halmashauri zikajibu kwa kudai bili za kodi na nyaraka za posho ya mtoto. Mwaka 2008 halmashauri ya Poole, kwenye pwani ya kusini, iliwafuatilia kwa siri wazazi na watoto wao kwa takriban wiki tatu ili kuhakikisha mahali wanapolala, ikitumia sheria ya 2000 ya mamlaka za upelelezi, na mwaka 2010 baraza maalumu la kisheria likaamua kwamba upelelezi huo haukuwa halali. Sheria ya 2012 ililazimisha halmashauri zipate kibali cha hakimu kabla ya kufanya upelelezi wa siri wa namna hiyo. Si jambo dogo kwamba mjadala wa taifa juu ya haki ya faragha ulipitia mlango wa shule ya watoto wadogo, na linaonyesha thamani ambayo nafasi hiyo ilikuwa imefikia.

Juhudi za kulegeza fundo zimekuwa za woga. Kanuni za udahili za 2007 ziliruhusu kura ya bahati nasibu pale maombi yanapozidi nafasi, na mji wa Brighton ukaitumia katika sekondari zake kuanzia 2008, katikati ya makelele ya wazazi waliosema kwamba wamenyang'anywa walichokinunua. Lalamiko hilo, kwa uwazi wake, ni ungamo. Toleo la 2014 la kanuni hizo liliruhusu shule kuwatanguliza watoto wa familia zenye kipato cha chini. Kwa shule za msingi bahati nasibu haikupata nguvu, kwa sababu ileile ya mtoto wa miaka minne na mkono wa mama yake, na hoja ya kutembea kwa miguu ni hoja ya haki, hata inapotumiwa na mtu ambaye nyumba yake ina thamani ya pauni milioni moja.

Kilichoanza kuugusa mfumo huu kwa nguvu hakikutoka bungeni. Idadi ya watoto wanaozaliwa Uingereza imepungua tangu kilele cha 2012, na katika London ya ndani upungufu umekuwa mkali zaidi, kwa kuwa familia changa zimehamia miji ya nje na kaunti za jirani kwa kushindwa bei na pango, na baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya baadhi ya familia za Ulaya zilirejea makwao. Shule hupewa fedha kwa kichwa cha mtoto, kama ilivyoamuliwa mwaka 1988, na darasa la watoto 18 humgharimu mwalimu mkuu sawa na darasa la 30. Halmashauri ya Hackney, iliyo London ya ndani, ilifunga shule mbili za msingi mwaka 2024 na kuunganisha nyingine nne zikawa mbili, na halmashauri kadhaa za jirani zimefanya hivyo pia au zimepunguza nafasi rasmi za shule zao. Katika mitaa hiyo umbali wa mtoto wa mwisho umetanuka, na shule ambazo miaka kumi iliyopita ziliwakataa watoto wa mtaa wa tatu sasa hufungua milango siku za Jumamosi kuwakaribisha wazazi wa mbali. Mwezi Septemba 2024 Ofsted iliacha kutoa sifa ya neno moja kwa shule nzima, ile ambayo madalali waliizoea katika matangazo yao, nao wakalazimika kutafuta namna nyingine ya kuieleza shule iliyo jirani na nyumba wanayoiuza.